Fuawe na Thamani Yake

Neno fuawe halisikiki tena mara kwa mara katika mitaa ya pwani, ingawa kitenzi kilicholizaa hakijapoteza nguvu zake hata chembe. Nguo hufuliwa, nazi hufuliwa, chuma hufuliwa. Na aliyeshindwa na jambo husemwa kuwa hakufua dafu. Kati ya kifuo cha nazi kilichosimikwa uani na fuawe lililosimikwa katika kiwanda cha mhunzi pana udugu wa tumbo moja: vyote viwili havina kazi isipokuwa kukaa imara mahali pake, na kwa kukaa huko ndipo nguvu ya mkono inapopata pa kuangukia. Nyundo husifiwa kwa kuwa hutembea. Fuawe halisifiwi, kwani kazi yake ni kutosogea.

Yafaa basi kulitazama fuawe katika hali yake ya uzeeni, yaani pale linapokuwa limekwisha kutumika, mwenyewe amekufa au ameacha kazi, na limewekwa mbele ya mnunuzi. Kulichagua fuawe la namna hiyo na kulithamini ni elimu kamili, yenye historia na hesabu zake. Tena ni elimu yenye swali ambalo halimhusu mhunzi peke yake: kitu kilichopigwa kwa miaka mia moja, thamani yake hukaa wapi? Katika uzito wake, katika jina lililochorwa ubavuni mwake, au katika uso uliopokea mapigo hayo yote?

Fuawe la kwanza la binadamu lilikuwa jiwe, na katika sehemu nyingi za Afrika jiwe liliendelea na kazi hiyo hadi karne ya 20. Mhunzi wa bara alichagua mwamba mgumu wenye uso uliotulia, akauzika nusu ardhini, akafulia juu yake majembe na mikuki. Katika nchi za Maziwa Makuu kilikuwepo pia chombo kizito cha chuma chenye umbo la msumari mkubwa: kikishikwa mkononi kilikuwa nyundo, kikichomekwa chini kilikuwa fuawe. Chombo hicho kilipanda daraja hadi kuingia katika hazina za wafalme. Kaburi la Mfalme Cyirima Rujugira wa Rwanda lilipofukuliwa mwaka 1969, vyombo vya aina hiyo vilikutwa vimelazwa pamoja naye. Na watawala wa Karagwe nao waliweka katika hazina yao nyundo za chuma ambazo hazikukusudiwa kufulia chochote. Zilikuwa alama ya kwamba mwenye nchi ni kama mhunzi: huyakusanya yaliyo magumu na kuyapa umbo.

Mwambao nao ulikijua chuma tangu zamani. Al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake cha jiografia huko Sisilia mwaka 1154, alitaja chuma cha pwani hii na jinsi kilivyobebwa na wafanyabiashara hadi India, ambako kilifuliwa panga. Mtepe ulioshonwa kwa kamba za nazi haukudai misumari, lakini hata huo haukuundwa pasipo shoka, tezo na keekee. Majahazi na mashua vilipochukua nafasi ya mtepe, kila ubao ulidai msumari, na kila msumari ulidai mtu wa kuufua. Vyaelea vimeundwa, wasema wahenga. Na kabla ya kuundwa vyombo, vilifuliwa vifaa vya kuundia.

Hata hivyo, umbo la fuawe linalojitokeza leo katika mawazo ya wengi, lenye pembe upande mmoja na kisigino upande wa pili, halikuzaliwa barani Afrika. Ni umbo la Kiingereza, maarufu kama umbo la London, lililokomaa katika karne ya 18 na ya 19. Wahunzi waliligawa kama mwili wa kiumbe. Juu upo uso, ulio bapa na mgumu. Mbele ipo pembe ya mviringo, ambayo juu yake chuma hupindwa kuwa pete na ndoana. Kati ya pembe na uso kipo kidaraja kilichoshuka kidogo, ambacho makusudi hakikufanywa kigumu, ili mhunzi akikatia chuma hapo makali ya patasi yasivunjike. Chini kipo kiuno, kisha miguu. Kwenye kisigino kuna tundu la mraba la kusimikia vifaa, na kando yake tundu dogo la duara la kutobolea. Tundu hili la duara lilienea mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo fuawe la Kiingereza lisilokuwa nalo, kwa kawaida, ni la zamani zaidi.

Uingereza palikuwa na nyumba zilizojipatia jina kwa kazi hii. Huko Sheffield, kando ya mto Rivelin, palikuwepo kiwanda cha Mousehole, maana yake tundu la panya, ambacho nyundo zake ziliendeshwa kwa nguvu za maji ya mto huo. Mafuawe yake, mengi yakiwa na jina la ukoo wa Armitage, yalisafirishwa kwa wingi kuvuka bahari hadi kiwanda kilipofungwa katika miaka ya 1930. Huko Dudley alikuwepo Peter Wright, ambaye mafuawe yake yalipigwa muhuri wa kuthibitisha kuwa mwili wote ni chuma cha kufua. Utengenezaji wenyewe ulikuwa kazi ya jopo la watu. Mapande ya chuma laini yalipashwa moto hadi yakawa meupe, yakaunganishwa kwa kupigwa, na juu yake likabandikwa kwa moto bamba la feleji, yaani chuma cha pua, lenye unene wa karibu nusu inchi. Mwishowe uso ulipashwa tena na kupozwa ghafla kwa maji mengi ili ushike ugumu. Matundu ya mraba yanayoonekana kiunoni na chini ya miguu si kasoro: ndimo zilimoingizwa fito za chuma za kulibebea fuawe likingali moto.

Jambo hilo la bamba ndilo moyo wa mazungumzo yote. Fuawe bora la zama hizo lilikuwa na mwili mpole na uso mkali. Mwili laini ulivumilia pigo bila ya kupasuka. Uso mgumu uliirudisha nyundo juu bila ya kubonyea. Aliyelipoteza bamba hilo, au aliyeupoteza ugumu wake, alibaki na pande la chuma lenye sura ya fuawe tu.

Marekani iliyanunua mafuawe ya Kiingereza kwa muda mrefu, kisha ikaanza kutengeneza ya kwake. Kampuni ya Fisher & Norris, katika mji wa Trenton, New Jersey, ilipata hataza mwaka 1847 ya kusubu mwili wa chuma cha kalibu huku ukishikamana na bamba la feleji humo humo kalibuni. Alama yake ilikuwa tai. Kampuni ya Hay-Budden ya Brooklyn, iliyoanza mwishoni mwa karne ya 19, ilifuata njia ya kufua, na mafuawe yake yalipigwa namba za mfululizo kwenye mguu, ambazo leo husaidia kukadiria mwaka wa kuzaliwa kwake. Yapo pia mafuawe yaitwayo Trenton, na hapa mnunuzi mgeni huteleza: hayakutengenezwa Trenton bali Columbus, katika jimbo la Ohio. La mji wa Trenton halikuitwa Trenton, na lililoitwa Trenton halikuwa la mji huo.

Baada ya jina, msomaji wa fuawe hutafuta uzito. Mafuawe ya Kiingereza hubeba ubavuni namba tatu zilizoachana, na wengi wamezisoma kama mwaka au kama namba ya siri. Namba ya kwanza ni idadi ya mafungu ya ratili 112. Ya pili ni robo za fungu hilo, yaani ratili 28 kila moja. Ya tatu ni ratili zilizobaki. Kwa hiyo namba ya kati haizidi 3, na ya mwisho haizidi 27. Fuawe lenye 1-2-14 lina 112, na 56, na 14, jumla ratili 182. Kwa mizani ya zamani ya Unguja, ambayo frasila moja yake ya karafuu au pembe za ndovu ilikuwa ratili 35, hizo ni frasila 5 na ratili 7. Kwa kilo ni karibu 83. Wamarekani wao waliandika ratili moja kwa moja. Hali kadhalika, neno England likionekana chini ya jina la mtengenezaji katika fuawe lililouzwa Marekani, kwa kawaida ni dalili ya kwamba fuawe hilo ni la baada ya sheria ya ushuru ya mwaka 1890, iliyolazimisha bidhaa za kigeni kuandikwa nchi zilikotoka.

Namba hizo zina faida nyingine ambayo wanunuzi wa haraka huisahau. Fuawe likipimwa leo na kukutwa limepungua sana kuliko inavyosema alama yake, basi kuna chuma kilichoondolewa. Uzito uliochorwa ni ushahidi wa hali liliyokuwa nayo siku ya kwanza, na mizani ya leo ni ushahidi wa yaliyolipata. Shahidi wawili hao wakitofautiana, mnunuzi ana haki ya kuuliza.

Mafuawe haya yalifikaje kwenye soko la mitumba? Gari la Ford aina ya T lilianza kuuzwa mwaka 1908, na miaka michache baadaye trekta likaingia mashambani. Farasi alipoondoka, mpiga viatu vya farasi aliondoka naye; na uchomeleaji wa gesi na wa umeme ulipoenea, kazi nyingi za kuunga chuma ziliihama tanuri. Viwanda vya wahunzi vilifungwa kijiji baada ya kijiji. Katika Vita Vikuu vya Pili, kampeni za kukusanya chuma chakavu huko Marekani na Uingereza zilimeza vyuma vya kila aina. Yaliyonusurika yalibaki katika pembe za maghala, yakazuia milango isipigwe na upepo.

Mageuzi yalikuja polepole. Mwaka 1973 liliundwa shirika la wahunzi wasanii wa Amerika ya Kaskazini, na mafundi wapya wakaanza kuvitafuta vyombo vya babu zao. Mwaka 1998 Richard Postman alichapisha kitabu kikubwa juu ya mafuawe ya Marekani, Anvils in America, na kwa mara ya kwanza kila mtu aliweza kulitambua fuawe lake kwa alama zake. Mwaka 2015 televisheni ya Marekani ilianza kuonesha mashindano ya kufua visu na panga, na wanunuzi wakaongezeka tena. Elimu hiyo ilileta nuru, lakini ilileta pia aina mpya ya uchu. Tangu hapo fuawe limekuwa na wanunuzi watatu wasiofanana, na kila mmoja ana mizani yake.

Wa kwanza ni mnunuzi wa chuma chakavu. Kwake fuawe ni kilo tu, na kilo ya fuawe la Mousehole ni sawa na kilo ya gurudumu la mtambo uliokufa. Wa pili ni mkusanyaji. Huyu hutafuta jina, mwaka, umbo adimu na alama iliyosomeka. Aweza kulipa fedha nyingi kwa fuawe ambalo halitapigwa tena hata mara moja. Wa tatu ni fundi, naye hutafuta kitu kimoja: je, fuawe hili litanirudishia pigo langu? Wote watatu wana hoja, lakini ni wa tatu peke yake anayeuliza swali ambalo fuawe lilitengenezwa ili kulijibu.

Namna ya kuliuliza swali hilo ni nyepesi, na haihitaji mtambo. Fundi huchukua gololi ya feleji, akaiachia ianguke usoni kutoka kimo cha shubiri moja, akatazama inarudi wapi. Ikirudi kwa sehemu saba au nane au zaidi katika kila sehemu kumi za kimo chake, uso ungali mgumu. Isipofika nusu, pana walakini: huenda fuawe ni chuma cha kusubu kisicho na bamba, huenda limewahi kuungua ndani ya nyumba na moto ukaula ugumu wake. Gololi haiangushwi mahali pamoja tu. Hutembezwa kutoka kidaraja hadi kisigino, kwa sababu bamba laweza kuwa limeachana na mwili mahali fulani, na mahali hapo gololi itakufa ghafla hali kwingine inaruka.

Kisha husikilizwa mlio. Fuawe lililofuliwa vyema, likigongwa kidogo kwa nyundo, hulia kwa sauti kali inayokawia hewani. Lililopasuka hutoa sauti iliyokwama. Lakini kanuni hii ina mtego. Mafuawe ya Fisher hayalii. Mwili wake wa chuma cha kalibu huimeza sauti, na hilo lilikuwa mojawapo ya mambo yaliyoyafanya yapendwe mahali penye majirani. Mnunuzi aliyefundishwa kusikiliza tu atalikataa fuawe zuri kwa sababu limenyamaza, na hali gololi ingemwonesha kuwa linarudisha pigo sawasawa na yale yenye kelele. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hiyo haikutungwa kwa ajili ya chuma, lakini hapa imepata shahidi.

Baada ya sikio ni zamu ya jicho. Rula iliyonyooka huwekwa juu ya uso ili kuona umebonyea kiasi gani. Mbonyeo mdogo katikati si aibu: ni mahali vizazi vya mafundi walipopigia zaidi, na mhunzi mjuzi huutumia kunyooshea chuma kilichopinda. Kingo nazo hutazamwa. Mgeni hupenda kingo kali kama za sanduku jipya, lakini ukingo mkali hukata chuma cha moto na kuacha mkunjo unaokuja kuwa ufa. Ndiyo maana wahunzi wa zamani, walipopokea fuawe jipya, waliupunguza ukali wa sehemu ya kingo zake kwa makusudi. Kingo zilizomeguka vipande vikubwa ni jambo jingine, na hupunguza bei. Lakini zikimeguka upande mmoja na upande wa pili ukabaki mzima, kazi inaweza kuendelea.

Uharibifu mkubwa zaidi hauletwi na kazi. Huletwa na mapenzi ya kupamba. Muuzaji hulichukua fuawe lenye umri wa miaka mia na ishirini, akaupitisha uso wake kwenye mashine au akausugua kwa grainda hadi ukang'aa na kunyooka kama meza. Kwa saa moja ameondoa feleji ambayo nyundo za vizazi vitatu hazikuweza kuimaliza. Bamba lilikuwa nusu inchi tangu mwanzo. Likipunguzwa robo, lililobaki ni ganda juu ya mwili laini, na litabonyea chini ya nyundo nzito. Wengine hujaza mashimo kwa kuchomelea, na joto la kazi hiyo, lisipotawaliwa na mtu anayejua, huondoa ugumu wa sehemu za kandokando. Kisha hupakwa rangi nyeusi, na bei hupanda. Nyumba njema si mlango. Fundi mzoefu huona kuwa kutu nyepesi ni rafiki kuliko rangi mpya, kwa kuwa kutu haifichi kitu.

Uzito nao una adabu yake. Mpiga viatu vya farasi, aliyebeba vyombo vyake kutoka shamba hadi shamba, alitumia fuawe jepesi; mhunzi wa kijijini aliridhika na ratili mia moja hadi mia mbili; wafuaji wa minyororo na nanga walihitaji zaidi. Fuawe jepesi mno huruka na kutembea chini ya nyundo, na kila linaposogea limekula sehemu ya nguvu iliyokusudiwa kwenda katika chuma. Lakini lililo zito kupita haja ni fedha iliyolala. Tena fuawe lolote, liwe la nani, hupoteza nusu ya wema wake likiwekwa juu ya kigogo kinachocheza.

Asiyekuwa na uwezo wa kununua jina si kwamba amefungiwa mlango wa ufundi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901 iliacha nyuma yake, mwaka baada ya mwaka, vipande vya chuma vilivyochakaa. Mafundi wa jua kali huko Kamukunji, Nairobi, wamefua juu ya vipande vya reli na vyuma vizito vya magari, na kutoka humo zimetoka sufuria, majiko na masanduku yanayotumika nchi nzima. Hata hapo ipo elimu: kipande cha reli kikisimamishwa wima, uzito wake wote huwa chini ya pigo, na hurudisha nyundo vizuri kuliko kikilazwa. Chuma ni kile kile na bei ni ile ile. Kilichobadilika ni namna kilivyokaa.

Hapo ndipo swali la awali linapopata jibu lake. Mizani ya chakavu hulijua fuawe kwa wingi wa chuma chake. Jina hulijua kwa nasaba yake. Lakini vyote viwili vyaweza kubaki vizima hali fuawe lenyewe limekwisha. Lililosagwa hadi bamba likaisha bado lina jina lake ubavuni, na uzito wake haukupungua sana. Kilichotoweka ni kile kimo cha gololi inaporudi, na hicho hakichorwi popote wala hakiuzwi peke yake. Wafalme wa Karagwe na Rwanda waliiweka nyundo yao mbali na moto, nayo ikadumu kwa heshima. Fuawe la mhunzi halina heshima hiyo. Lenyewe hudumu kwa kupigwa, mradi tu anayelirithi ajue kwamba alama alizozikuta usoni mwake ni za kazi, na kwamba si lazima azifute ili liwe lake.